Ctrl+S yangu inagoma kisa taa ya NumLock, hii BASIC imenichosha

Wakuu naombeni nimwage hasira hapa kabla sijaipasua kibodi. Naandika kiprogramu changu cha kuhariri maandishi kwenye QBasic, ile lugha ya programu iliyokuja na MS-DOS 5 mwaka 1991, na nilichotaka ni kitu kidogo tu, Ctrl+S ihifadhi faili, Ctrl+Shift+S ihifadhi kwa jina jipya. Basi. Leo siku ya tatu.

Nikaanza na INKEY$, ile amri ya kusoma kitufe kilichobonyezwa, kama kila mtu. Ctrl+S ikaja vizuri, CHR$(19), yaani herufi namba 19, nikachekelea. Nikaongeza Shift, CHR$(19) tena!! Yaani nilidhani nahifadhi nakala mpya kumbe naandika juu ya faili la zamani, kazi ya jioni nzima imeenda na maji. Hii INKEY$ haikwambii vidole viko wapi, inakupa jibu tu, hesabu yenyewe huioni. Afu nikaweka Ctrl+I iingize tarehe. Nabonyeza Tab nisogeze mstari, tarehe ikajiandika. Tab tena, tarehe tena. Kumbe Ctrl+I na Tab zote ni 9, Ctrl+M na Enter zote 13, Ctrl+H na Backspace zote 8, sasa utazitofautishaje hapo?

Nikaambiwa tumia ON KEY, unaisajili mchanganyiko wa vitufe kwa namba halafu programu inaruka kwenye kazi yake ukibonyezwa. Sawa, nikaandika

KEY 15, CHR$(4) + CHR$(31)

4 ndo Ctrl, 31 ndo namba ya kitufe cha S, nikawasha KEY(15) ON, ikafanya kazi, nikaenda kulala mtu wa amani. Asubuhi haifanyi. Kodi ileile sijagusa hata nukta! Nimehangaika nayo mpaka mchana ndo jicho likaangukia kile kitaa cha kijani cha NumLock, kinawaka. Nikakizima, Ctrl+S ikarudi. Hivi NumLock inahusiana nini na kuhifadhi faili jamani?? Kumbe ile 4 lazima ilingane kabisa na hali ya kibodi, NumLock ikiwaka inaongezwa 32 inakuwa 36, CapsLock ni 64 inakuwa 68, zikiwaka zote mbili ni 100. Kwahiyo Ctrl+S moja inataka mistari minne, na nafasi za kujiwekea mwenyewe ni 15 mpaka 25, yaani kumi na moja tu. Piga hesabu mwenyewe, michanganyiko miwili imeshakula nafasi nane.

Na kuna mjuaji lazima atasema PEEK, ile amri ya kuchungulia kumbukumbu ya kompyuta. Nimeshafika huko mkuu. DEF SEG = 0 halafu PEEK(1047), unapata baiti yenye hali ya kibodi, thamani 1 na 2 ni Shift ya kulia na ya kushoto, 4 Ctrl, 8 Alt, unapima kwa AND na mambo ya NumLock hayakusumbui. Safi. Shida ni kwamba ile baiti inaonyesha kibodi ilivyo SASA HIVI, wakati herufi yako inaweza ikawa imekaa kwenye bafa, ile akiba ya vibonyezo, inasubiri foleni, bafa inabeba vibonyezo 15. Programu ikiwa bize inachora skrini, mtu kashabonyeza Ctrl+Shift+S na kashaachia, wewe unakuja kupima unakuta Shift haipo. Unaandika juu ya faili lilelile, tena safari hii kwa kujiamini.

Ya INP(&H60), kusoma kibodi moja kwa moja, hata sitaki kuanza, ile ni ya magemu, S ikibonyezwa inatoa 31 ikiachiwa 159, unajiwekea orodha ya vilivyoshikwa, na bado usipoikamua bafa kwa INKEY$ kompyuta inakupigia kelele pip pip pip.

Asinijie mtu na "hamia FreeBASIC", najua ina MULTIKEY, najua QB64 ina _KEYDOWN, zote zinakwambia kitufe kipi kimeshikwa, nitahama nikitaka. Kinachoniudhi ni mafunzo yote yanayoishia kwenye "INKEY$ inasoma kitufe kilichobonyezwa" yakafunga ukurasa, hakuna anayemwonya mtu kuhusu Shift wala hicho kitaa.

Kwa sasa nimehamishia F2 na Shift+F2, hizo angalau INKEY$ inazitenganisha, 60 na 85 baada ya CHR$(0), alama inayotangulia vitufe kama hivi. Ila vidole havijui, dakika kumi zilizopita vimeenda Ctrl+Shift+S vyenyewe na ile CHR$(19) nilikuwa bado sijaifuta kwenye kodi.