Kuvu wa mikoko na dawa za saratani: tuwape wageni sampuli?

Mwanamwambao: Kutoka kwa kuvu wanaoishi ndani ya mikoko ya Bahari ya China Kusini, watafiti wa China wametenga kemikali kadhaa zinazoua seli za saratani, mojawapo ikiwa SZ-685C iliyotangazwa mwaka 2010. Mikoko tunayo, kuanzia Lamu hadi delta ya Rufiji. Je, maabara za kigeni ziruhusiwe kuchukua sampuli? Mimi napinga, kwa kuwa vijidudu vya Ziwa Bogoria vilichukuliwa mwaka 1992, vimeng'enya vyake vikauzwa ng'ambo, nasi tukabaki na malalamiko. Wala tusiwategemee wakata boriti kuilinda hazina hii, maana wao huona kuni tu.

Mfamasia: Ndugu, seli zilizo katika sahani ya maabara huuawa hata na spiriti. Kutoka hapo hadi kwa mgonjwa wa hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ni safari ndefu: muundo wa Taxol, dawa ya saratani iliyotokana na gome la mti, ulielezwa mwaka 1971, na dawa yenyewe ikaidhinishwa Marekani mwaka 1992. Mwaka uliofuata ikadaiwa kwamba kuvu wa mti wake huitengeneza pia, lakini viwanda vimeendelea kutegemea mimea na seli zake. Mnagawana nyama ya mnyama aliye porini.

Mzaliwa wa Lamu: Anayetuita watu wa kuni aje kwanza atueleze tofauti ya pau na mazio, madaraja ya miti ya mikoko kwa unene. Mababu zetu walisafirisha boriti hadi Arabuni kwa karne nyingi, na hadi leo hakuna kaunti ya Kenya yenye mikoko mingi kuliko Lamu. Marufuku ya kukata miti ya mwaka 2018 ilipotufungia kazi, ni msomi gani aliyeuliza tunakula nini?

Bi. Gazi: Turejee kwenye swali, jamani. Kuvu akishaoteshwa katika chupa, mtafiti hana haja tena ya mti, kwa hiyo mfuko mmoja wa majani ukishaondoka, nguvu yetu ya kudai imeondoka nao. Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa kuhusu matumizi ya rasilimali za viumbe ulioanza kutumika mwaka 2014, inataka ridhaa na makubaliano ya mgawo wa faida mapema, na hiyo safari ndefu ya Mfamasia ndiyo hasa sababu ya kuandikiana sasa.

Mwanamwambao: Sikumtukana mtu. Niliwakusudia wanaokata usiku bila kibali.

Mzaliwa wa Lamu: Hukuandika usiku wala kibali, uliandika wakata boriti. Na huo mkataba wa Bi. Gazi utatiwa sahihi na nani, ofisi ya Nairobi au sisi tunaoingia topeni?