Zabibu kavu hairudi kuwa mbichi, mbona ni badiliko la kiumbo?

MamaHombolo
Habari zenu wanajukwaa. Binti yangu wa darasa la sita kaulizwa: zabibu kuanikwa hadi ikauke ni badiliko gani? Kajibu la kikemikali, akakoseshwa. Daftari lake linasema la kiumbo hurudi, la kikemikali halirudi. Sisi hapa Hombolo tunalima zabibu, kwa hiyo jana niliziloweka kavu kiganja kimoja usiku kucha. Zimevimba, ngozi imelegea, lakini kuziita mbichi ni uongo. Mtoto kakosea wapi?

MwalimuKongwa
Mama, mtoto kafikiri vizuri, ila kipimo alichopewa ni kibovu. Asiulize kama kitu kinarudi, aulize kama kimetokea kitu kipya. Jua linaondoa maji. Sukari ni ile ile, imebanana tu, ndiyo maana zabibu kavu ni tamu kupita mbichi.

Sasa kamua zabibu mbichi, uache maji yake kwenye ndoo siku mbili tatu. Yataumuka povu bila moto. Hamira iliyokuwa kwenye ngozi ya zabibu inakula sukari na kutoa kileo na kabonidayoksaidi. Utamu unapungua, harufu inageuka. Hilo ndilo la kikemikali. Ila povu peke yake lisimdanganye: maji ya ugali yakichemka yanatoa mapovu pia, na ni maji yale yale yanayogeuka mvuke.

MpakaRangi_Bahi
Tazameni chokaa. Jiwe lake likichomwa kwenye tanuri, kama nyuzijoto 900, linatoa kabonidayoksaidi. Linalobaki ukilimwagia maji linachemka, linaunguza mkono. Ukishapaka ukutani, linavuta gesi ile ile kutoka hewani na pole pole linakuwa tena kama jiwe la mwanzo. Limerudi, na kila hatua ni ya kikemikali!

MamaHombolo
Na rangi je, mwalimu? Zabibu zetu nyeupe tukizianika zinakuwa kahawia.

MwalimuKongwa
Umeona sawasawa. Hapo kemia ipo, kama kiazi ulichomenya ukakiacha kikapigwa na hewa. Lakini swali lilihusu kukauka, na kukauka ni maji kuondoka.

MamaHombolo
Asante, mwalimu. Jioni hii tunakamua ndoo moja, awe anainusa kila asubuhi na kuandika anachokuta.

MwalimuKongwa
Mfuniko usiubane, mama. Gesi itaurusha.