Kompyuta iwake badala ya kulia, inawezekana?

steshenari_sabasaba:
Wakuu heshima kwenu. Nina kasteshenari hapa Dodoma maeneo ya Sabasaba, nimemchukua kijana kiziwi anisaidie na kazi anapiga kunizidi. Sasa juzi katuma dokumenti kwenye printa, kompyuta ikalia ting kwamba kuna tatizo, yeye keshageukia fotokopi hana habari, mteja kasimama dakika kumi akijua kazi inatoka. Na mimi mwenye masikio nisijisifu, spika ya muuza dawa ya panya hapo nje inameza kila mlio. Hakuna namna itoe mwanga? Ni Windows 10.

fundi_nzuguni:
Ipo mkuu, tena ya miaka mingi, ni vile hatuchokonoi setingi. Bonyeza kitufe cha Windows na U kwa pamoja, ingia Audio, utakuta pa kuchagua mlio wa tahadhari uonekane kwa macho. Unaweza kuweka umulike ule mstari wa juu wa dirisha, dirisha lenyewe, au skrini nzima. Weka skrini nzima, huo mstari ukigeuza shingo tu umekupita. Mac nayo inayo.

mtoto_wa_kisasa:
Nyie mnatafuta mwanga mimi natafuta kimya 😂 jirani yangu ofisini kila akigusa Caps Lock mashine yake inapiga kelele na hajui kaiwashaje

fundi_nzuguni:
@mtoto_wa_kisasa kakandamiza Num Lock sekunde 5 huyo, mwambie arudie itazima

dada_kodi:
Ila mkuu wa steshenari usitegemee kila kitu kitawaka, inamulika pale Windows inapotoa mlio wake, programu ikikwama kimyakimya na mwanga hakuna. Halafu ukija kutengenezewa programu yako usikubali kitu kinachopepesa ovyo, kuna watu mwanga wa hivyo unawaamshia kifafa. Mwongozo wa WCAG wa tovuti unataka visizidi vimuliko 3 ndani ya sekunde 1. Na wasikuwekee nyekundu na kijani tupu bila maandishi, kuna wanaume kibao hawatofautishi hizo rangi na hawasemi.

steshenari_sabasaba:
Nimerudi wakuu, imekubali! Mara ya kwanza ilipomulika mteja akauliza "umeme unataka kukatika?" 😂 Skrini nimeigeuza itazamane na fotokopi, kijana anaona mwanga hata akiwa anapanga karatasi. Ila kweli dada, karatasi ilipoisha kwenye printa haikuwaka kitu, kaona mwenyewe taa ndogo ya njano pale mbele.