Melanoma iliyofika kwenye utumbo mwembamba: upasuaji una faida gani?

Swali

Ndugu zangu, kaka yangu aliondolewa doa la melanoma, aina ya saratani ya ngozi, mgongoni miaka minne iliyopita, nasi tukaamini yamekwisha. Hivi karibuni alianza kuchoka upesi, akakutwa na upungufu wa damu, akapewa vidonge vya madini ya chuma bila mtu kuuliza damu hiyo inapotelea wapi, hadi kipimo cha CT, yaani picha za ndani ya mwili, kilipoonyesha uvimbe kwenye utumbo mwembamba. Daktari anataka kuukata. Ikiwa saratani imeshasambaa, kumpasua kutamsaidia nini?

Jibu la kwanza

Pole sana, ndugu. Melanoma ni miongoni mwa saratani zinazohamia utumbo mwembamba mara nyingi zaidi, na huweza kujitokeza huko miaka mingi baada ya doa la kwanza kuondolewa. Hujificha mno: uchunguzi wa maiti huikuta tumboni kwa wengi waliofariki kwa ugonjwa huu, ilhali wanaogunduliwa wakiwa hai ni wachache, kwa sababu uchovu na maumivu yanayokuja na kupotea hudhaniwa kuwa maradhi mengine. Uvimbe ukiachwa unaweza kuendelea kuvuja damu, kuziba njia, kutoboa utumbo, au kuufanya utumbo ujiingize ndani ya sehemu inayofuata, kama mkono wa shati unavyojikunja kwa ndani. Daktari hukata kipande chenye uvimbe pamoja na utando unaokishikilia, wenye tezi za limfu, kisha huunganisha ncha mbili zilizobaki. Utumbo huo una urefu wa mita kadhaa, kwa hiyo kupoteza kipande kifupi kwa kawaida hakuharibu umeng'enyaji wa chakula.

Jibu la pili

Mama yangu alipitia hayo. Uliza kama kipimo cha PET, yaani picha inayoonyesha saratani ilipo mwilini, kimefanyika, maana uvimbe ukiwa mmoja au michache na yote ikaweza kuondolewa, matumaini huwa makubwa kuliko mingine inapobaki. Uliza pia kuhusu jeni ya BRAF, ambayo hukutwa imebadilika katika takriban nusu ya melanoma za ngozi, kwani zipo dawa zinazolenga badiliko hilo. Mama alianzishiwa dawa ya kuamsha kinga ya mwili, nivolumab, baada ya kidonda kupona. Asiyevuja damu wala kuziba utumbo huenda akaanza na dawa kwanza.

Muuliza swali

Nawashukuru kwa dhati. Kaka ameongezewa damu mara mbili na bado inashuka, kwa hiyo sasa naelewa kwa nini daktari hataki kusubiri. Nitauliza kuhusu PET na BRAF kabla hatujatia saini.