Mtoto wa darasa la pili anawahi kumaliza kazi kisha anasumbua wenzake, nimsaidieje?

MamaTabata
Habari za humu. Mwanangu ana miaka 7, yuko darasa la pili shule ya serikali. Hesabu za ubaoni anazimaliza wenzake wakiwa bado wananakili, halafu anaanza kuzurura na kupiga soga. Ndugu wanasema arushwe darasa, wengine nimtafutie tuisheni. Nifuate lipi?

Mwl_Hisabati
Dada, tuisheni iache kwanza, nyingi zinarudia yaleyale ya darasani. Jua kwanza amefika wapi. Chagua maswali 10 ya mada tofauti kwenye kitabu cha darasa la tatu, afanye peke yake. Akipata 8, panda cha la nne. Pale anapoanza kukosa karibu nusu ndipo pa kumfundisha. Mwambie pia aeleze: wapo wanaopata 43 − 18 kwa kukariri hatua, ukiwauliza ile 10 ya kuazima imetoka wapi wanakwama. Huyo bado hajaelewa.

Kosa kubwa ni kumwongezea hesabu 20 nyingine za aina ileile. Akishajua kuwahi kunaleta kazi, atajivuta makusudi. Mpe swali moja zito: shilingi 500 kwa sarafu za 50, 100 na 200 tu, kuna njia ngapi? Zipo 12. Akibahatisha ataruka baadhi, kwa hiyo apange: akitumia 200 mbili ni njia 2, akitumia moja ni 4, asipotumia hata moja ni 6. Kisha ajaribu 600. Usiwahi kumtajia jibu, hata akikaa nalo siku mbili.

Shangazi_wa_Vitabu
Naongezea upande wa shule. Ukimwambia mwalimu "mwanangu anaboreka", atasikia lawama. Nenda baada ya vipindi, omba jambo moja tu: kazi ikishasahihishwa, mtoto aruhusiwe kutoa kitabu cha hadithi au daftari la maswali kwenye begi. Maswali uyaandike wewe, mwalimu asiongezewe mzigo. Kuwasaidia wenzake ni vizuri mara mojamoja. Ikiwa ndiyo kazi yake kila siku, yeye hapati kipya na wenzake wanamchoka.

MamaTabata
Asanteni sana. Na kurushwa darasa?

Mwl_Hisabati
Usiamue kwa hesabu peke yake. Masomo yanaongezeka kuanzia la tatu, na akiliruka anaangukia la nne, mwaka wa upimaji wa kitaifa, akiwa hana msingi wa masomo hayo. Angalia na mkono: je, ananakili aya nzima kwa kasi ya wakubwa bila mwandiko kuharibika? Wengi wenye akili nyepesi hukwama hapo, majibu wanayo kichwani lakini muda unaisha. Kama mkono bado, mbakishe na umpe kina.

Shangazi_wa_Vitabu
Na jioni mfundisheni bao. Kabla hajasambaza kete, ataje ya mwisho itaangukia shimo lipi, ndipo acheze. Akizoea, ataje na mwenzake atajibu vipi.