Mama mkwe anampakata mtoto kwenye gari, sheria inasemaje?

Baba Wawili: Wakuu, naombeni msaada. Mtoto wangu wa mwisho ana miaka mitatu, kilo 15. Kiti chake kipo siti ya nyuma, lakini mama mkwe akipanda tu anamtoa, anampakata, halafu anavuta mkanda unawazunguka wote wawili. Anasema mtoto analia akifungwa peke yake. Mimi ni mkwe, namwambiaje? Na tukikamatwa, kosa ni la nani?

Fundi Viti: Nchi nyingi kosa ni la dereva, mkuu. Uingereza, kwa mfano, abiria mtu mzima anajibebea kosa lake, lakini aliye chini ya miaka 14 yuko juu ya dereva.

Hilo la mkanda mmoja kwa watu wawili liache leo leo. Gari la kilomita 50 kwa saa likigonga, mtoto wa kilo 15 anavutwa mbele kwa nguvu ya kilo 200 hivi. Bibi hamshiki huyo, hata angekuwa mnyanyua vyuma. Na mkanda ukiwazunguka wote, mwili mzima wa bibi unamkandamiza mtoto.

Kilio ni kweli kipo, ila usimlegezee mikanda ya kiti. Kaza, kisha jaribu kuufinya utepe begani kwa vidole viwili. Ukipata mkunjo wa kushika, bado. Koti zito avue kwanza, mfunike nalo baadaye.

Mama K: Wangu ana miaka 8, mkanda unampita shingoni. Namwambia aupitishe kwapani. Ni sawa?

Fundi Viti: Hapana dada. Kwapani unaumiza mbavu na kifua kinabaki wazi. Anahitaji kiti cha kumwinua: mkanda upite katikati ya bega, ule wa chini ulale kwenye nyonga, si tumboni. Mpime na urefu. Uingereza wanadai kiti mpaka sentimita 135 au miaka 12, kitakachotangulia. Ujerumani ni 150 au miaka 12.

Baba Wawili: Nimemtajia mama hizo kilo 200, akaguna. Kakubali kukaa pembeni ya kiti cha mtoto, ila mkanda wake mwenyewe hataki, eti nyuma hakuna askari anayeangalia.

Fundi Viti: Afunge. Asiyefunga nyuma anamrukia aliye mbele yake, na pengine ni wewe. Akikataa tena, mwachie mkeo aongee na mama yake.