Mrejesho: upinde wa kijana wangu umepatikana

Ndugu zangu, niliuliza upinde gani wa kuwindia unavutika kwa ulaini na utamfaa kijana wangu wa miaka 12 hadi akue. Asanteni sana kwa majibu. Tumechukua Diamond Infinite Edge Pro, upinde wenye roda kwenye ncha zake. Shemeji ndiye aliyetuletea hapa Jinja akitoka Marekani.

Mliotaja upinde wa Genesis mlikuwa na hoja: uzito wake, yaani nguvu ya kuuvuta, ni ratili 10 hadi 20, na haudai kupima urefu wa mvuto wa mtoto. Ila uzito huo haupungui ukifika mwisho wa mvuto, na nguvu hiyo haitoshi kuwindia. Huu wetu unarekebishwa ratili 5 hadi 70, na urefu wa mvuto, yaani umbali wa kuvuta kamba, inchi 13 hadi 31. Kupata urefu wake wa mvuto, nilimpima mikono ikiwa imenyooshwa pande zote mbili, ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, sentimita 150, nikagawa kwa 2.5: sentimita 60, kama inchi 23 na nusu.

Aliyesema nimkalishe kwenye kigoda nione kama uzito unamfaa, Mungu ambariki. Anakaa, anaelekeza mshale kwenye gunia la nguo kuukuu, anavuta bila kuinua upinde juu. Kwenye ratili 30 mabega yalipanda hadi masikioni. Tukashusha hadi 20, na sasa kiwiko kinarudi nyuma taratibu, kinatulia. Nafurahi sana kumwona.

Kuwinda bado. Bila kibali cha Uganda Wildlife Authority hatugusi mnyama wa porini, na ratili 20 ni za gunia tu. Limebaki swali moja: wenye watoto wa umri huu, mnapandisha uzito kidogo kidogo kwa kiasi gani?